Punje ya Dengu

Jina alilopewa na wazazi lilikwishasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Kioo. Mandolini zilichongwa na mdogo wake katika chumba cha pili, lakini zikishapita mezani kwake ziling'aa hivi kwamba wateja walikagua meno yao humo kabla ya kukumbuka kupiga nyuzi. Yeye alikuwa mtu wa mwisho: msasa, rangi, kisha vanishi kwa kidonge cha pamba kilichofungwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka, hadi arobaini. Ukimharakisha alikuambia ukanunue ndoo ya plastiki, ile haihitaji vanishi.

Mwaka wa pili huu macho yalikuwa yakimwacha. Presha ya macho, alisema daktari, kilichopotea hakirudi. Kioo hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani ampe kazi fundi vanishi asiyeona? Alijipa moyo kwamba vidole vinatosha. Na kweli, kila aliponyoosha mkono, chupa ilikuwepo, msasa ulikuwepo. "Vitu vyangu vinanijua," alijisifu kwa binti yake, aliyekuwa akifunga nyuzi meza ya jirani. Binti alicheka kidogo tu.

Asubuhi moja akaja mpigaji mmoja na mandolini aliyoinunua miezi sita nyuma. Kile chuma cha chini kinachoshika nyuzi kilikuwa kimelegea.

"Mzee Kioo, kazi yako haijawahi kuniangusha," alisema. "Hii ndiyo imependeza kuliko zote." Akaaga, akasema atairudia jioni.

Kioo alivimba kichwa kidogo, tusifiche. Akalegeza nyuzi, akafungua skrubu, akaondoa chuma, na kidole gumba kikaenda chenyewe kutafuta doa lake.

Hapa lazima niseme jambo ambalo hata marehemu mkewe hakulijua. Chini ya chuma kile, katika kila mandolini, Kioo aliacha mahali padogo kama punje ya dengu bila tone la vanishi. Mbao tupu. Alifundishwa hivyo na fundi wake: funika kote, lakini mti uachie pa kupumulia. Kwa miaka ishirini na minane hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake, na siri ya mtungi aijuaye kata.

Kidole kiliteleza. Akarudia. Palikuwa laini kabisa.

Akapapasa ubavuni, mgongoni, shingoni. Vanishi ilikuwa nzuri, nyembamba, imenyooka. Lakini mwisho wa kila mpako palikuwa na kijimgongo hafifu, mahali kidonge kilipoinuliwa. Mkono wake yeye hauinuki hivyo. Huondoka ukiwa bado unatembea.

"Mama," alimwita binti kama alivyomwita tangu mdogo, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake. "Nani kapaka hapa?"

Binti alikuja, akatazama.

"Mimi, baba. Nilidhani ulipasahau."

"Hapo ndipo mahali pekee ninapopaacha kwa makusudi."

Binti hakuelewa mara moja. Kisha Kioo akasikia pumzi yake ikikatika, naye akatamani asingeuliza, maana swali la pili lilikuwa limeshamfika mdomoni na hakuweza kulimeza.

"Na kwingine je?"

Chumba cha pili mdogo wake alikuwa akipiga randa. Randa nayo ikanyamaza. Kumbe naye alijua.

"Ngapi?" aliuliza Kioo.

"Baba, achana nayo."

"Nimekuuliza ngapi."

"Zote," alisema binti, akilia sasa. "Tangu mwaka jana. Nazikwangua ukishalala, napaka upya. Nisamehe, baba."

Angemkaripia, lakini kwa kosa gani? Mandolini ya mteja ilimlalia mapajani, nzuri, imependeza kuliko zote, na haikuwa yake. Hakujua la kufanya, akafanya alilozoea: akanyoosha mkono mezani kuchukua kidonge chake.

Pale alipogusa palikuwa patupu. Kisha, upande aliosimama binti, akasikia kitu kikisukumwa taratibu juu ya mbao, na kidonge kikaingia chini ya vidole vyake.