Mshale Uliotoka Nje ya Picha

Niliiona ploti yetu ikiuzwa kwenye kompyuta namba tatu, mchana, saiba nilikofanya kazi ikiwa imejaa watu. Mteja aliyekuwa hapo alikuwa ameondoka bila kufunga ukurasa aliokuwa akiutazama. Nilishika kipanya niufunge, mkono ukagoma. Ilikuwa picha ya ardhi tambarare, waya, migunga miwili na nguzo moja iliyoinama. Chini yake paliandikwa: ploti inauzwa Kitengela, haina nyumba, haina mgogoro. Namba ya simu ilikuwa ya baba mdogo.

Katika miaka ile ya elfu mbili, Kitengela nzima ilikuwa ikiuzwa. Wazazi wetu walinunua mapema, miaka ya tisini, kwa mfugaji aliyekuwa akihamia upande wa Kimana. Walijenga chumba kimoja cha mawe na jiko la mabati, wakafariki kabla ya kuongeza cha pili. Mimi ndiye kifungua mimba. Niliacha shule kidato cha pili, nikabaki na wadogo wangu wawili, mvulana na kitinda mimba wetu, msichana. Baba mdogo, dalali wa mashamba, aliichukua hati ya ploti siku ya matanga. Alisema anaiweka isipotee.

Pale saiba, mbali na kufagia na kuuza muda wa intaneti, nilimtengenezea madam, mwenye duka, karatasi za darasa lake la kompyuta. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima walioogopa kugusa kitu wasikiharibu. Kwa hiyo nilinasa skrini kama ilivyo, nikaibandika kwenye programu ya kuchora, nikaweka mishale myekundu: anza hapa, bonyeza hapa, hapa usiguse. Madam alikuwa na sheria moja. Hifadhi kwanza ikiwa safi, ndipo uchore.

Siku hiyo vidole vilifanya kazi kabla ya akili. Nikanasa ukurasa wote, nikahifadhi, kisha nikaanza kuzungushia duara nyekundu kila nilichokitambua: ile nguzo, mgunga uliopasuka, paa la jirani lenye bati jipya katikati ya yale ya kutu.

"Hilo ni somo gani?" madam akauliza nyuma yangu.

"Si somo, madam. Ni kwetu."

Alisoma tangazo, akasoma uso wangu. "Chapisha uende kwa chifu. Mimi nitakaa hapa."

Naibu wa chifu alikuwa mama wa Kimaasai mwenye sauti ya chini na meza isiyokwisha watu. "Takwenya," nikamsalimu kwa lugha yake. "Iko," akajibu bila kuinua kichwa, mpaka nilipoiweka ile karatasi juu ya barua alizokuwa akitia sahihi. Akamwita baba mdogo, ambaye hakuwa mbali. Madalali hawakuwa mbali na ofisi ile kamwe.

Baba mdogo aliitazama karatasi, akacheka. "Mama chifu, hii ni ploti ya rafiki yangu, iko huko mbele kwa barabara ya Isinya. Mimi natafutia yeye mnunuzi tu. Hapa kwetu kila ploti ni waya na miiba, utatofautisha aje?"

"Nguzo yetu ile, baba mdogo," nikasema. "Na paa la jirani."

"Kwani hizi duara si wewe umechora? Msichana anashinda kwa hiyo mashine kutwa nzima. Anaweza kuchora hata wewe, mama chifu, ukiwa umepanda punda."

Watu kwenye benchi wakaangua kicheko. Naibu wa chifu hakucheka. Akapitisha kidole kwenye alama zangu.

"Hii nyekundu ni yako?"

"Ni yangu."

"Na nguzo iliyo ndani yake?"

"Ni ya picha."

"Mimi nitajuaje mkono wako uliishia wapi?"

Nilidhani nimeonyesha ukweli. Kumbe nilikuwa nimeupaka rangi.

"Kesho asubuhi uniletee hii picha bila alama," akasema. "Na wale watoto. Na wewe mzee ufike."

Baba mdogo akanifuata mpaka langoni. "Mnunuzi anakuja Jumamosi," akasema polepole, kama anayeniambia habari za mvua. "Mtoto wa kiume nitamchukua mimi. Huyo mdogo, shangazi yake wa Ngong atampokea. Wewe ni mtu mzima, huwezi kukosa mahali. Kwa nini unataka kuniaibisha?"

Hapo nikajua kwamba haikuwa ardhi pekee. Alikuwa ameshatugawanya.

Nilirudi saiba mbio. Tangazo halikuwepo tena. Alikuwa ameliondoa kabla sijafika. Na kwenye kompyuta namba tatu alikuwa ameketi kijana anayecheza karata za kwenye mashine, hana haraka. Nikasimama nyuma yake, nikijaribu kukumbuka kama kweli nilihifadhi mara mbili au nilichora juu ya ile ile. Madam akamhamishia kwenye mashine nyingine. Faili mbili zilikuwa pale. Nikafungua ya kwanza: duara nyekundu. Nikafungua ya pili, nikaona nguzo yetu ikiwa imeinama peke yake, haina kitu juu yake. Wino wa rangi ulikuwa umeisha kwenye printa. Nikachapisha kwa nyeusi, kopi nne.

Asubuhi naibu wa chifu alitutenganisha. Mdogo wangu wa kiume kwenye benchi la nje, kitinda mimba chini ya dirisha, mimi ndani, baba mdogo ng'ambo ya meza. Kila mtu kopi moja ya picha na kalamu.

"Chora unachokijua hapo," akasema. "Mzee, na wewe pia. Ploti ya rafiki yako bila shaka umeikanyaga."

Baba mdogo alichora barabara kulia, akaandika "kisima" kwenye kona. Mdogo wangu alizungushia nguzo iliyoinama na kuandika kwamba aliichimbia mwenyewe, shimo halikutosha. Mimi nilirudia alama zangu za jana. Kisha ikaja karatasi ya kitinda mimba. Ndani ya picha hakuwa ameweka kitu. Alikuwa amechora mshale mmoja kutoka ukingo wa juu, penye ukanda mweusi niliodhani ni kidole cha mpiga picha, ukatoka kabisa nje ya picha hadi sehemu tupu ya karatasi. Hapo akaandika: jikoni.

"Hii ni nini?" naibu wa chifu akamuuliza.

"Ni bati la juu ya mlango wa jikoni," akasema. "Mimi nikipika naona hivi."

Naibu wa chifu akachukua koti lake. "Twendeni."

Tulitembea, udongo mweusi ukijishikiza kwenye viatu. Uani kwetu aliinua karatasi mbele ya macho, akaanza kurudi kinyumenyume. Nguzo ikakaa mahali pake, kisha paa la jirani. Lakini penye ule ukanda mweusi wa picha, mbele yake palikuwa bado na anga tupu. Alirudi hadi mgongo wake ukagonga mlango wa jikoni.

"Huu hufungwa?"

"Kwa kufuli," nikasema. "Kila tukitoka."

Nikafungua. Akaingia ndani, akasimama kando ya mafiga yetu na kutazama nje, bati likikata anga juu ya karatasi. Kutoka barabarani nyumba yetu huonekana. Kutoka pale huwa nyuma ya mgongo wako, na mbele kunabaki ardhi isiyo na mtu.

"Ufunguo mwingine uko na nani?"

Nilimtazama baba mdogo. Mdogo wangu naye akamtazama. Alikohoa. "Marehemu kaka yangu alitaka niangalie watoto, ndiyo nikabaki na ufunguo," akasema, na hata yeye akasikia alichokwisha kukubali.

"Mpigie mnunuzi," akasema naibu wa chifu. "Hapa hapa, tusikie."

Alibonyeza namba taratibu. Alipopokelewa, alitugeuzia mgongo, lakini ua wetu ni mdogo.

"Mzee, habari... Ile ya Kitengela, hapana, usije. Imepatikana iko na wenyewe."

Kitinda mimba akaingia jikoni akaanza kuwasha moto, kwa maana hatukuwa tumekunywa chai. Nami nikamngoja naibu wa chifu aandike barua ya kupeleka ofisi ya ardhi Kajiado, ili kabla ya Jumamosi ploti izuiwe kuuzwa, hati ikiwa bado mikononi mwa baba mdogo.