Kwake Jinai, Kwangu Madai

Jumatatu nilikwenda kituo cha polisi kuripoti simu iliyopotea. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja wa Mwera, mjane, aliyeuziwa na dalali kiwanja hewa huko Pongwe. Askari alimsikiliza huku akichezea kalamu, kisha akamwambia, "Mama, hayo ni madai. Nenda baraza la ardhi."

Mara akaingia tajiri mwenye maduka mjini. Akavutiwa kiti. Naye alikuwa ameuziwa kiwanja Pongwe, na dalali yule yule.

"Huu ni utapeli, bosi. Leo hii tunamkamata," askari akasema, tayari anaandika.

Bibi hakuondoka. Aliweka kiganja juu ya kaunta. "Mwanangu, mwizi wetu ni mmoja. Vipi kwake iwe jinai, kwangu iwe madai?"

Tajiri akainuka, akamsogezea kiti. "Shikamoo, mama. Keti. Afande, anza na huyu, alinitangulia."

Jioni dalali alikamatwa Chumbageni, kwa malalamiko ya wote wawili.

Nimejivunia sana watu wa mji wangu. Kinachonikera ni kimoja tu: angetapeli maskini watupu, dalali yule angekuwa bado anauza viwanja.