Jogoo Mmoja Mweupe

Laiti ningemkatalia kaka wa mke wangu siku ile. Tulikuwa tunaandaa sherehe ya kipaimara cha binti yetu hapa Tabata, akanishauri nichinje majogoo wetu wote sita wa madoadoa, nibakize mmoja tu mweupe aliyetuletea yeye. Nikakubali.

Mke wangu alisimama mlango wa jikoni.

"Mzee, hawa mitetea utawaozesha nani?"

"Huyu anatosha. Huoni kifua hicho?"

"Haya. Awe baba wa vifaranga, kisha babu yao, jogoo huyo huyo. Ukoo gani huo?"

Tulicheka. Mitetea hao walitokana na wawili aliopewa mke wangu na mama yake tulipooana, tukawasafirisha kwa tenga kutoka Singida.

Mwaka uliofuata ua ulijaa vifaranga weupe. Walipendeza, hata mwewe aliwapenda. Nikawa naketi kwenye kigoda kila asubuhi kutazama. Mwewe akishuka, wachache wa madoa hulala kwenye majani makavu usiwaone. Weupe hubebwa.

Mpangaji wetu, mwalimu wa baiolojia, akipita alikuwa akinitania.

"Shikamoo baba. Leo wameenda wangapi?"

"Marahaba. Wawili, weupe wote."

"Mwewe anakuchagulia mbegu. Anayejificha vizuri ndiye anayebaki kuzaa."

Jibu hilo niliwahi kuliandika kwenye mtihani wa kidato cha nne, nikapata alama nzuri. Sikuwahi kulitafuta uani.

"Basi madoa yatarudi?"

"Yangerudi, baba, kama wenye madoa wangebaki wa kutosha. Wale sita waliondoka na urithi wao. Sasa jogoo anazaa na binti zake, na ubovu uliojificha kwa baba unakutana na ule ule kwa binti."

Miaka ilivyosonga, nilianza kupasua mayai yaliyogoma kutotoa. Humo nilikuta vifaranga waliokamilika manyoya, wamekufa, midomo imepinda. Waliototolewa walitembelea magoti. Nilikwenda Buguruni nikanunua jogoo mgeni, lakini mitetea wa zamani walikuwa wamekwisha kwa uzee, na binti zao walikuwa dhaifu, wakafa kabla ya kuangua hata kifaranga mmoja.

Mama mkwe amefariki, na kijijini kwao wanafuga kuku wa kisasa. Uamuzi ule ulinigharimu mbegu yake yote. Mke wangu hana tena kitu chochote alichopewa na mama yake, na niliyekimaliza ni mimi.