Siku Salme Alipokuwa Mgeni

Salme Vaher alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la ushirika kisiwani Saaremaa, na tangu azaliwe hakuwahi kudanganya hata ndama. Ndiyo maana nikikumbuka siku aliyozunguka mji mkuu wetu, Tallinn, na pasipoti ya mtu mwingine kifuani, nacheka kwanza, kisha kicheko kinanikauka.

Tulikua pamoja, mlango kwa mlango. Mimi, Helju, nilihamia Tallinn ningali msichana, nikapata kazi ya kuhudumia meza katika mkahawa wa mji mkongwe, na chumba kwenye kichochoro kilichoegemea ukuta wa mji. Salme alibaki na mama yake, Madli. Dada yake mkubwa, Virve, aliondoka kwa mashua vuli ya mwaka arobaini na nne, pamoja na wengine waliokimbia vita, akaishia Uswidi. Alisema atarudi mambo yakitulia. Mambo yalitulia kwa namna yake: kisiwa chetu kikawa mpaka wa dola iliyotuteka, kila anayevuka anadaiwa muhuri wa ukaazi katika pasipoti yake ya ndani, na mtu wa ng'ambo haruhusiwi hata kukisogelea.

Ikapita karibu miaka thelathini. Ndipo kiangazi kimoja Virve akapata nafasi ya kuja na kundi la watalii, kwa meli ya kutoka Helsinki. Siku mbili, Tallinn tu. Kutoka nje ya mji ni kosa.

Salme akamwambia mama yake wasafiri wakamwone. Madli alikuwa amepita miaka themanini, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa.

"Katoka Uswidi mpaka Tallinn, hapa ndipo anaposhindwa?"

"Hawamruhusu, mama."

"Nani wa kumkataza mtu kwenda kwao? Mwambie mlango hauna kufuli."

Bibi yule ukimsukuma ndiyo kwanza anaota mizizi. Salme akaja peke yake, amebeba mkate mweusi na samaki wa kukaushwa kwa moshi, akalala chumbani kwangu akigeukageuka usiku kucha.

Asubuhi meli ilipofika, kundi likapewa kifungua kinywa hotelini, kisha Virve alichepuka na kupanda ngazi zangu. Pua ile ile, kimo kile kile, hata kusimama kwao kulikuwa kumoja, bega la kushoto chini kidogo. Unajua walifanya nini? Walipeana mikono! Watu wa huku ndivyo tulivyo. Wamelilia kuonana miaka yote hiyo, halafu wakapeana mikono kama wanaouziana farasi. Nilitamani kuwagonganisha vichwa.

"Mama yuko wapi?" Virve akauliza.

Salme akamweleza. Virve alikaa kitandani kwangu, akatazama viatu vyake vizuri vya Uswidi, kisha akaanza kuvivua.

"Nipe koti lako. Na pasipoti."

"Wee, una wazimu?"

"Picha yako ni ya lini?"

"Ya zamani. Nilikuwa bado mnene."

"Basi hata wewe hufanani nayo. Basi la kivukoni ni la saa ngapi?"

"Virve, watatufunga wote. Na Helju pia."

"Na Helju pia," nikasema, "kwa hiyo Helju naye aulizwe."

Virve akanigeukia. "Helju, mama ana miaka themanini na ngapi? Nimwone lini, nikishamzika kwa barua?"

Mtu mwenye akili angewazuia. Mimi nikamfunga Virve kitambaa kichwani, kama wanavyofunga wakamuaji. Angelala kwao usiku mmoja na kurudi kesho alasiri, kabla meli haijaondoka jioni. Salme naye akavaa koti la dada yake na vile viatu, pasipoti yake akaitia kifuani, tukamzungushia skafu ya hariri shavuni: mgeni ana jino linauma, hawezi kusema. Maana angesema nini? Kiswidi chake kilikuwa sifuri.

Basi Salme akatalii. Kundi lilipandishwa na kuteremshwa vichochoro vya mawe, likaonyeshwa minara, malango, maghala ya nafaka ya wafanyabiashara wa kale. Yeye alichechemea mbiombio, viatu vikimuuma kuliko jino. Wanaume wakamfungulia milango. Mwenye duka akamwinamia. Nchini mwake mwenyewe hakuna aliyewahi kumwinamia isipokuwa ng'ombe.

Wakaletwa kula mkahawani kwangu. Mwongozaji wao alikuwa binti wa hapahapa, Maret, mtumishi wa serikali, na kila mtu alijua kwamba waongozaji huulizwa jioni wageni wamefanya nini. Nikaweka sahani. Kipande cha mkate mweusi kikamponyoka Salme, kikaanguka sakafuni. Akakiokota, akakibusu, akakila. Kwetu mkate ukianguka unaombwa radhi hivyo. Mtu hafikirii, mkono unajiendea.

Maret aliona. Akainuka, akaja kumwinamia kama anayemuulizia hali ya jino, na kwa lugha yetu, polepole, akamwambia, "Asubuhi mkate ulipokuponyoka, mama, uliusukuma pembeni kwa uma."

Salme akawa mweupe kama maziwa anayokamua. Mimi nikaliona gereza na vitasa vyake.

Maret akamkaza ile skafu. "Jifunge vizuri," akasema. "Na usitembee kwa haraka hivyo. Wageni hawana haraka, hawana ng'ombe wanaowasubiri."

Akarudi kukaa, akaagiza kahawa. Mpaka leo sijui binti yule naye alikuwa na nani wake ng'ambo ya bahari.

Usiku Salme alilala hotelini kwa jina la dada yake. Siku ya pili nilipata saa moja ya mapumziko, nikawafuata mji wa juu, pale kwenye ukingo ambapo mapaa mekundu yanaishia na bandari inaanza. Salme alikuwa amejitenga, anaitazama meli. Nyeupe, safi, moshi kidogo.

"Helju," akasema bila kugeuka, "pasipoti ya Uswidi ninayo hapa kifuani."

"Nyamaza."

"Nawaza tu. Kuwaza hakuna ushuru. Nimeamka kila siku saa kumi alfajiri. Mama hajawahi kuniambia hata asante. Kila jioni ni Virve alikuwa hivi, Virve aliimba vile. Mimi niko pale na ndoo. Natamani, Helju. Natamani mtu anililie mimi."

Nilimshika mkono, nikamwacha aitazame.

Alasiri basi lilichelewa. Kundi tayari lilikuwa linafunga mizigo. Salme alizunguka chumbani kwangu, akachungulia dirishani, akakaa, akainuka, na nadhani hata yeye hakujua anaomba dada yake afike au asifike. Kisha hatua zikasikika kwenye ngazi, Virve akaingia, uso umevimba kwa kulia.

"Hakunijua," akasema. "Jirani yenu Aliide alikuwapo, kakaa mpaka usiku, ningesema nini? Mama akaniita Salme. Nikamkamulia ng'ombe, nikalala kitandani kwako. Asubuhi tukabaki wawili, nikasema sasa namwambia. Akanishika uso kwa mikono miwili. Akasema, 'Salme, niliogopa nawe utapanda meli. Aliyeondoka nilimlilia, nikaendelea kuishi. Wewe ukiondoka, mimi sipo. Sijawahi kukuambia.' Ningemwambiaje baada ya hapo kwamba mimi siye?"

Salme alishika kitasa cha mlango. Alivua koti la dada yake, akavua viatu, akampa pasipoti. Safari hii hawakupeana mikono. Walikumbatiana mpaka nikalazimika kuwatenganisha, muda ulikuwa umekwisha. Virve alipanda meli akirudia neno moja tu: hakunijua.

Salme alirudi nyumbani. Yaliyotokea huko alinisimulia baadaye. Alisubiri Aliide aende zake, akakaa mbele ya mama yake, akasema, "Mama, yule aliyelala hapa hakuwa mimi."

"Alibisha hodi," Madli akajibu. "Nani anabisha hodi kwao? Nilimjua kabla hajashika mlango."

"Ukajua! Mbona hukumwita jina lake?"

"Aliide alikuwapo na masikio yake. Na asubuhi ningemwita, nisingemwachia aende. Wangekuja kumchukua hapa, mbele yangu."

"Na yale maneno? Ulimwambia yeye maneno yangu."

Bibi alipapasa meza, akatafuta kisu, akaanza kukata mkate.

"Nilijua atakufikishia. Wewe mwenyewe ningekuangaliaje usoni nikayasema? Kula."

Madli alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Barua za ng'ambo zilikuwa zikifunguliwa njiani, na neno lolote la siku ile lingetosha kuwafunga watu watatu, kwa hiyo Salme aliandika tu kwamba mama amezikwa, hali ya hewa ilikuwa nzuri. Virve aliomba ruhusa ya kuja tena, akanyimwa, akaomba tena.

Kila kiangazi Salme huja kwangu, tunashuka pamoja mpaka kwenye uzio wa bandari. Abiria wanateremka mmoja mmoja, anawakagua nyuso. Hataki tena kupanda meli, hilo lilikwisha siku ile ile. Anataka mtu wa kumpelekea dada yake maneno matatu tu: mama alikujua wewe.