Sauti Ambayo Maalim Hija Hakuijua

Maalim Hija alikuwa amesomesha miaka kumi na tisa, yote katika skuli moja ndogo upande wa Wingwi, na katika miaka hiyo hakuna mtoto aliyesema Kipemba mbele yake akaondoka salama. Kwenu semeni mtakavyo, alikuwa akiwaambia, lakini ndani ya darasa langu nataka Kiswahili cha kitabuni.

Siku moja Mwanapili, msichana wa darasa la tatu, aliangukiwa na dawati. Akamwendea analia.

"Maalim, nkono waniuma."

Hija akauchukua ule mkono uliokwisha kuvimba, akaupiga bakora. "Mkono," akasema. "Sema tena."

Mtoto akasema nkono. Akapigwa tena. Walikwenda hivyo mpaka ile m ikatoka. Jioni mzee wake alipompeleka kwa mganga wa viungo, ikaonekana mfupa umevunjika. Hija alipoletewa habari alisema, "Lakini sasa neno analijua."

Mwaka 1960 ikatangazwa kwamba masomo ya lugha yatatolewa kwa redio, na kila skuli itapata redio yake. Alitakiwa mwalimu mmoja wa Pemba wa kuyasoma. Inspekta aliyezunguka kuwarikodi walimu alikuwa Abrahman, na Abrahman alikuwa mwanafunzi wa Hija. Hija ndiye aliyemtia kalamu mkononi, na ndiye aliyekwenda naye kwa miguu mpaka Wete kufanya mtihani, wote wawili wamevua viatu visichakae. Kwa hiyo gari ya inspekta iliposimama mbele ya skuli, Hija alishachinja jogoo, na mkewe, Mwanakhamis, yuko jikoni tangu alfajiri.

Abrahman alikula, akashukuru. Kisha akafungua sanduku lenye magurudumu mawili ya utepe, akaliunganisha na betri.

"Soma ukurasa huu, maalim. Walimu wote wanasoma huu huu. Ukimaliza, taja jina lako na skuli yako."

Hija akasafisha koo, akasoma polepole, kama asomaye hotuba ya Ijumaa. Alipomaliza aliuliza kama anaweza kujisikia.

"Utajisikia Wete, kwenye mkutano wa walimu, baada ya wiki mbili," Abrahman alisema, akafunga sanduku.

Wiki mbili hizo Hija hakuwa mtu wa kusemeshwa. Alimwambia Mwanakhamis kwamba watoto wa kisiwa kizima watasoma kwake bila ya kumwona. Aliagiza kofia mpya.

Siku ya mkutano walikuwa walimu kama thelathini, na bwana mmoja mkubwa kutoka Unguja aliyekaa pembeni na karatasi zake. Hija alikaa mstari wa mbele. Abrahman akaeleza kwamba kila sauti itasikilizwa, na mwalimu mmoja ataitolea maoni. Mashine ataizima kabla jina halijatajwa, mtu asipate haya.

Sauti ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ya tatu ikatoka nyembamba, kavu, inapitia puani. "Ntoto amepanda nti nkubwa karibu na nto."

Walimu wakacheka. Hija alicheka kuwashinda wote.

"Maalim Hija," Abrahman alimwita, "wewe unasemaje?"

Akasimama, akatengeneza kofia. "Huyu si mwalimu. Huyu Kipemba kimemganda mdomoni, na anawaambukiza watoto wa watu. Kwangu mimi, mwanafunzi wa darasa la pili akisoma hivi anarudi nyumbani na alama mgongoni. Huyu atolewe darasani leo, hata kesho isingojewe."

Bwana mkubwa akaandika.

Abrahman alikuwa amesimama mbele ya mashine, mikono nyuma. Hakuizima. Magurudumu yakaendelea kuzunguka, na ile sauti nyembamba ikamaliza ukurasa, ikavuta pumzi, ikasema, "Hija wa Khatib, mwalimu mkuu," na jina la skuli yake.

Safari hii hakuna aliyecheka kwa sauti. Walimu waliinamisha vichwa, mabega yanatikisika. Hija alibaki amesimama, kwa sababu hakuna aliyemwambia kaa.

Mkutano ulipokwisha alimfuata Abrahman penye gari.

"Ulijua ni mimi?"

"Nilijua, maalim."

"Mbona ukanyamaza?"

"Nilitaka kusikia utasema nini." Abrahman akapanga sanduku lake kitini. "Na ulivyosoma ndivyo nilivyokusikia miaka saba nilipokuwa darasani kwako. Wewe ukidhani umesema mkono, sote tulikuwa tukisikia nkono. Nani angekwambia?"

Akapanda, akaondoka.

Barua ilifika kabla ya mwezi kumalizika. Ilisema kwamba, kwa kuzingatia maoni yake mwenyewe mkutanoni, Maalim Hija ameondolewa kusomesha na atakuwa mtunzaji wa ghala la vifaa vya skuli, Wete. Mwanakhamis aliisoma mara mbili, akauliza ni maoni gani hayo. Hija akaichukua, akaikunja, akaitia mfukoni.

Redio zilifika kwa gari, arubaini, na Hija ndiye aliyezipokea. Aliyechaguliwa mwishowe kuyasoma masomo, badala ya mtu wa Pemba, alikuwa kijana wa Unguja. Walimu walipokuja kuchukua redio na chaki walimwamkia kwa adabu, "Shikamoo, maalim," wakangoja wamsikie akiitikia.

Hija alitikisa kichwa tu, akawasogezea daftari watie saini.