Simu Imesema Leo

Fundi Springi alikuwa na mikono ya kulivua kochi kuukuu nguo zake zote, likabaki mbao tupu na aibu, kisha akalivisha upya hadi mwenyewe akija kulichukua asilitambue. Jina hilo alipewa karakanani. Alikuwa akikalia kiti kibovu, anajitingisha mara moja tu, kisha anataja springi iliyokufa. Kwa makochi hakuwahi kukosea. Kwa mwili wake mwenyewe alibahatisha kama mgeni anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi.

Hedhi yake haikuwa na adabu. Ilikuwa kama fundi bomba: inaahidi wiki hii, inakuja wiki ile, na ikija haiombi radhi. Mwezi mmoja ilimkuta kazini katika suruali nyeupe. Mwezi uliofuata ikapotea kabisa, naye akaacha kunyanyua viti vizito, akaanza kuchagua majina kimoyomoyo, akaenda kununua kipimo cha mimba. Kipimo kikasema hapana. Kesho yake hedhi ikaingia kwa kishindo, kana kwamba ilikuwa nyuma ya mlango ikimchungulia.

Mchezo huo ulikuwa unaelekea mwaka wa tatu. Aliweza kutania juu ya kila kitu, isipokuwa ile dakika ya kusimama chooni na kijiti mkononi, macho yakibembeleza mstari wa pili ujitokeze. Alitaka mtoto. Hapo hakuwa na mzaha.

Mumewe alikuwa mwokaji katika bekari ya mtaa wa pili, mtu mwema mwenye unga hadi kwenye nyusi, aliyeamini kwamba kila kitu kikipewa muda wake sahihi kitaumuka. Ndiye aliyepakua programu ya simu ya kuhesabu siku za mwanamke. Unaiandikia tarehe ya hedhi, nayo inapiga hesabu zake, kisha inalia siku ambayo yai linatarajiwa kutoka. Aliiweka kwenye simu yake mwenyewe, eti wasisahau. Ikilia tu, alivua aproni, na bekari nzima ilijua.

"Baba mtarajiwa, unaitwa kazini!"

"Na mikate je?"

"Mikate tutaitoa sisi. Hiyo kazi nyingine ndiyo hatukusaidii!"

Mama yake mwokaji hakuhitaji programu. Kila Jumapili alipiga simu, na mwanawe, ambaye siku hiyo alikuwa mpishi wa nyumba, aliiweka sauti ya juu kwa kuwa mikono yake ilijaa vitunguu. "Mkeo anakunywa ile dawa niliyomletea? Mkeo bado anarukaruka juu ya makochi ya watu? Mkeo aache, tumbo linatikisika." Mkeo, mkeo, mkeo. Mwokaji alijibu, "Ndiyo, mama," huku akikata vitunguu. Katika simu zote hizo hakuna aliyewahi kuuliza habari za mwokaji mwenyewe.

Ijumaa moja mchana mwokaji alitokea karakanani mweupe kama mzimu, akihema.

"Simu imesema leo," alinong'ona. Ulikuwa mnong'ono wa mtu aliyezoea kushindana na mashine ya kukandia unga, kwa hiyo walimsikia hadi barabarani.

Shangazi, mshonaji mwenzake Fundi Springi, aliyeitwa hivyo hata na wateja waliomzidi umri, alitoa pini mdomoni. "Imesema leo nini, shemeji? Mishahara?"

"Shangazi, tafadhali. Nimeacha mikate tanurini."

"Haya dada, nenda. Mji usilale njaa kwa ajili yako."

Nyumbani kulikuwa mbali. Nyuma ya karakana, hata hivyo, kulikuwa na stoo, na ndani ya stoo kochi la watu watatu, jipya, limefungwa nailoni, linamsubiri mwenyewe. Yaliyofuata hayahitaji msimulizi, maana nailoni ilijitolea kusimulia. Kila walipojisogeza ilipiga kelele kama mtu anayetafuna bisi msikitini. Shangazi, kwa wema wake, akawasha cherehani mbili na redio.

Ndiyo sababu wawili hao hawakusikia mteja akiingia. Alikuwa bibi mkunga mstaafu, mwenye kochi, na kwa kuwa alishafika pale mara nyingi hakuuliza njia. Shangazi aliruka kumzuia, mguu ukanaswa na waya wa redio. Bibi akafungua mlango wa stoo.

Hakupiga yowe. Miaka yake yote ya wodini alikuwa ameona makubwa kuliko hayo. Alizigeukia cherehani, akasema kwa utulivu, "Nilikuja kulikagua kochi langu. Naona limeshakaguliwa."

Muda mfupi baadaye wote wanne walikuwa wamekaa kwenye vigoda. Fundi Springi alitamani sakafu immeze. Mwokaji, kwa kutafuta la kusema, akaeleza kila kitu: simu, hesabu, yai, mikate.

"Binti," mkunga alisema, "siku zako huja kwa mpangilio?"

"Huja zikijisikia, bibi."

"Basi hiyo simu inabahatisha. Inatazama miezi iliyopita, inakisia, inalia. Mwanamke ambaye siku zake zinarukaruka, yai nalo hurukaruka, na mwezi mwingine huenda lisitoke kabisa. Mnakimbizana na kengele bure. Kutaneni kila baada ya siku mbili tatu, mwezi mzima, mkiwa na raha zenu. Tena kitandani kwenu, siyo kwangu."

"Tumekusikia, bibi."

"Sijamaliza. Mmetafuta zaidi ya mwaka, na siku zenyewe zimevurugika. Mlitakiwa muwe mmeshakwenda hospitali zamani. Wote wawili."

Mwokaji akanyoosha mgongo. "Mimi ni mzima, bibi. Nabeba gunia la unga begani bila kupumzika."

"Gunia hilo unalibebea kule chini, mwanangu?"

Shangazi alicheka hadi akashikilia ukuta. Mwokaji hakucheka. Alikumbuka mikate yake, akaondoka.

Jioni ile alirudi nyumbani amenuna, na mikate michache iliyoungua kwapani. Alisema wanaume wa kwao hawapimwi. Alisema bibi yule amezeeka. Fundi Springi alimwacha amalize, kisha akaweka sahani chini.

"Nimekunywa dawa za mama yako hadi ulimi umekufa ganzi. Nimelala nimeinua miguu ukutani kama popo. Kila Jumapili nasikia nikijadiliwa kama kuku asiyetaga. Kama mbovu ni mimi, nataka kujua. Kama ni wewe, nataka kujua. Hospitali nitakwenda, lakini sitakwenda peke yangu."

Mwokaji alibandua ganda jeusi la mkate, kidogo kidogo. "Na wakisema ni mimi?"

"Unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Basi karibu," alisema mkewe. "Mimi nimeogopa hivyo tangu mwaka wa kwanza, tena kwa sauti ya juu, wewe ukikata vitunguu."

Jumatatu mwokaji aliomba ruhusa kazini.

Hospitali walimtoa Fundi Springi damu, wakampima tumbo kwa mashine. Mwokaji alikabidhiwa kikombe cha plastiki chenye kifuniko na kuonyeshwa chumba kidogo chenye kiti kimoja. Alitoka baada ya muda mrefu, anatazama dari, kikombe amekifunika kwa kofia.

"Vipi?" mkewe aliuliza.

"Usiniulize. Yule nesi amenishika mkono akasema hongera."

Majibu yalipotoka, daktari aliwakalisha pamoja. Homoni za mke hazikuwa sawa, na mayai hayakuwa yakitoka kila mwezi. Vidonge vya kusaidia vilikuwepo, lakini hakumwahidi kitu. Mbegu za mume nazo zilikuwa chache kuliko kawaida, na baadhi zilikuwa zinavuta miguu. Huenda joto la tanuri linachangia, daktari alisema. Asogee mbali nalo kadiri awezavyo, apimwe tena baada ya miezi mitatu. Fundi Springi alitoka na habari mbaya mbili, na bado alitembea kama mtu aliyetuliwa kochi mgongoni.

Jumapili simu ya mama mkwe ikaita. Mwokaji akaiweka sauti ya juu.

"Mkeo anaendeleaje na ile dawa?"

Kisu kikasimama juu ya ubao. Fundi Springi alikuwa mezani, mdomo umejaa mkate, hatafuni.

"Ameacha, mama. Tumekwenda hospitali. Tatizo ni letu sote. Na mimi pia nina kasoro."

"Wewe? Nani kakudanganya? Mwanamume atapimwa nini?"

"Nimeshapimwa, mama. Kwa kikombe."

"Kikombe cha nini?"

Masikio yalimwiva mwokaji. Alifuta mikono haraka, akamsukumia mkewe simu. "Mwenzangu atakueleza," alisema, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Fundi Springi alimeza mkate kwa shida, kicheko kikimpanda puani.

"Shikamoo, mama," alisema. "Kwanza tafuta mahali ukae."