Kauboi wa Kuze

Nimezaliwa Kuze, mtaa wa mji wa kale wenye vichochoro vyembamba hata wanene wawili wakikutana mmoja sharti arudi nyuma. Kwa hivyo, kama ilivyo ada ya watu wenye akili timamu, nilichagua kuandika riwaya za makauboi: nyika zisizo na mwisho, ranchi kubwa kuliko kisiwa chetu kizima, wanaume wasiosema neno ila kwa bastola. Farasi sijampanda. Ng'ombe nilimjua vizuri sana, hasa akiwa ndani ya pilau.

Mamangu, ambaye naishi naye, hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja. Wageni wakimuuliza nafanya kazi gani, alijibu, "Yuwaandika habari za ng'ombe," kwa sauti ya mtu anayetaja maradhi.

Msomaji wangu wa dhati alikuwa mpangaji wetu wa juu, mtu wa bara, karani wa bandarini. Huyu aliniamini kabisa. Alidhani kamba naitupa kama mashujaa wangu wanavyoitupa, na mimi, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana, sikumkatiza.

Mkesha wa Idi ya kuchinja, baada ya alasiri, ng'ombe dume wa jirani alikata kamba. Alishuka kichochoroni akisukuma baiskeli na ndoo, watu wakijibanza milangoni. Mama akafungua dirisha.

"Wewe! Si waandika ng'ombe kila siku? Basi huyo, mshike!"

Mtaa mzima ukanigeukia. Nikatoka na kikoi changu na kamba ya kuanikia nguo, vibanio viwili vikining'inia bado. Kisha mtu akamwona karani akishuka ngazi.

"Na huyu yuwatoka bara! Ng'ombe ni ndugu zake!"

"Mimi nimezaliwa Nairobi," karani akalia, "ghorofa ya nne!"

Hakuna aliyemsikiliza. Tukasukumwa mbele sote wawili, mabingwa wa mifugo, tukimfuata mnyama hadi barabara ya Ndia Kuu. Pale akasimama, akageuka, akanitazama. Katika vitabu vyangu nilikuwa nimeandika mara nyingi kwamba macho ya fahali huwaka moto. Uongo. Yalikuwa macho matulivu ya mtu anayekukadiria uzito. Kinywa kikanikauka kana kwamba nimekula ndizi mbichi.

"Tupa sasa!" karani akaninong'oneza, imani yake ingali nzima.

Nikazungusha kamba juu ya kichwa, nikatupa. Ikanasa vizuri mno, fundo likakaza kama nilivyolieleza katika sura nyingi. Ilimnasa karani, kifuani, mikono ikabanwa mbavuni.

"Bwana," akasema kwa adabu, "mimi siye."

Ng'ombe, nadhani kwa kutuonea haya, akaingia duka la vinyago lililokuwa wazi, akasimama kati ya twiga na vifaru vya mti akihema. Nikamwacha karani na kamba yake, nikakimbia kuvuta mlango, nikaufunga kwa nje. Komeo lilinishinda mara ya kwanza. Mwenye ng'ombe alifika na vijana wenye nguvu, wakamtoa bila mimi kuombwa ushauri wowote.

Kufikia magharibi habari ilikuwa imenawiri. Mara nilimpanda, mara nilimwangusha kwa pembe. Karani, michubuko kifuani, ndiye aliyeisimulia kwa ufasaha zaidi, na kila aliposimulia yeye hakuwemo kambani.

Baada ya Idi, Mama akaketi barazani na kahawa yake. "Haya, nisomee hicho kitabu unachoandika."

Nikasoma sura nzima: shujaa peke yake nyikani, upepo, vumbi, kimya. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu hana mamake?"

"Mama, ni kauboi."

"Nimesikia. Ninauliza, hana mamake? Nani ajuaye kama amekula?"

Nikachukua kalamu. Nikamwandikia shujaa mama, mkali, anayemwita kutoka dirishani mwa ranchi, na mchana mmoja shujaa mwenyewe akamwogopa fahali. Mhariri wangu, aliyevumilia bastola zangu miaka mingi bila kusema kitu, akaniandikia kwamba hatimaye kitabuni kuna mtu mmoja aliye hai, naye ni yule mama. Shujaa, alisema, tunaweza kumpunguza.